Hoja ya Kwanza ya Fundi Viatu

Miaka kumi na tisa fundi viatu alikaa kwenye bodi ya wilaya, na kwa miaka yote hiyo hakutoa hoja hata moja. Aliunga mkono tu. Aliunga mkono ununuzi wa mapipa ya taka, akaunga mkono mapipa hayo yahamishwe, kisha akaunga mkono yarudishwe yalikotoka. Aliunga mkono kikao kifunguliwe na, jua likishapinduka, aliunga mkono kifungwe. Ukizitoa kumbukumbu za bodi kabatini, ukazipuliza vumbi na kufungua ukurasa wowote, utakuta watoa hoja wanabadilika kama hali ya hewa, lakini muungaji ni yule yule. Ndiyo maana mtaani walimwita Mzee Naunga, naye akaitika bila kinyongo.

Bodini aliingia kwa sababu ya ugomvi wa wengine. Wagombea wawili wa mtaa wake walikuwa wamezozana mpaka wakatoleana siri za ndoa, na watu wakasema basi, tupeni mtu ambaye hajagombana na yeyote. Fundi viatu hakuwahi kupata nafasi ya kugombana. Muda wote mdomoni alikuwa na misumari.

Siku yake ya kwanza alikalishwa mbele ya dirisha, jua likampiga usoni. Akainua mkono kuomba pazia livutwe. Wakati huo huo mwenyekiti alikuwa akiuliza nani anaunga mkono hoja ya kupaka rangi ukuta wa zahanati.

"Ahsante, fundi," akasema mwenyekiti. "Hoja imeungwa."

Fundi akaona haya kukanusha. Zahanati ikapakwa rangi. Pazia halijavutwa mpaka leo.

Kadiri siku zilivyokwenda, akaona kazi ile inamkaa kama kiatu cha saizi yake. Hata kwenye kibanda chake hakuwahi kushona kiatu kipya. Kiatu kilimfikia kimeshatengenezwa na mwingine, kimeshatembea, kimeshachoka, naye akakiongezea soli na uzi ili kirudi njiani. Hoja nazo alizitendea vivyo hivyo. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alipenda kusema. "Wa kuleta kidole cha kwanza wapo wengi. Mimi ni wa pili."

Mkewe hakuafiki habari hizo za kidole cha pili.

Kati ya mtaa wao na mtaa wa pili palikuwa na mtaro mkubwa wa maji ya mvua, na juu ya mtaro palikuwa na kivuko cha mbao. Mvua za mwaka jana zilikichukua kivuko chote, zikaacha nguzo moja tu imesimama ukingoni kama mtu aliyeachwa na msafara. Vijana wakawa wanashuka mtaroni na kuruka maji. Lakini ng'ambo ile, kwenye nyumba ambayo dirisha lake linatazama mtaro, alikaa dada mkubwa wa mkewe, ambaye tangu avunjike nyonga hakuweza kutoka kitandani bila kushikwa. Kila siku mkewe fundi alimpelekea supu. Zamani ilikuwa safari ya kutoka na kanga ya ndani. Sasa alizunguka mpaka barabara kuu, karibu saa nzima kwenda na kurudi, na goti lake la kushoto likarudi limevimba. Kuruka, kwa umri wa miaka sitini na minne, alisema amewaachia vyura.

"Mwambieni mtu wa bodi," alisema siku moja, akijikanda goti.

"Mtu gani?" akauliza fundi.

"Sijui. Nasikia kuna mmoja analala kitandani kwangu."

"Mke wangu, nangoja mtu alete hoja. Akiileta tu, nitaiunga mkono papo hapo."

"Wilaya nzima umeiunga mkono, baba. Waliokosa ni mimi na goti langu."

Tangu siku hiyo nyumba ikaongozwa kwa kanuni za bodi. Fundi akisema, "Leo joto, tulie chakula nje," mkewe alitazama kulia, akatazama kushoto, akauliza kuta, "Nani anaunga mkono? Hakuna. Hoja imeanguka." Wakala ndani, jasho likiwatoka. Hoja ya kuongeza chumvi ikaanguka. Hoja ya kupunguza sauti ya redio ikaanguka kwa kishindo, maana redio iliongezwa.

Kejeli hizo fundi alizimudu. Alicheka hata yeye. Kilichomshinda ni jioni moja mkewe aliporudi, akaketi kizingitini, akavua kandambili na kutazama goti lake. Fundi akangoja atupiwe dongo. Halikuja.

"Dada anasema nisiende kila siku," mkewe akasema mwishowe. "Anasema atazoea."

Usiku huo fundi hakutoa hoja yoyote. Kulipokucha alikwenda ofisi ya bodi akaomba fomu.

Katibu wa bodi, dada kijana aliyependa mambo yake yawe yamenyooka, alikwishapiga chapa jina la fundi kwenye mstari wa muungaji katika fomu zote za mwaka, kuokoa muda. Alipoipokea fomu ile aliisoma mara mbili.

"Mzee wangu, umekosea. Jina lako hukaa huku chini."

"Sijakosea, mwanangu."

Katibu akamtazama. Kisha akachukua rula, akalikata jina la chini kwa mstari mmoja ulionyooka, taratibu, kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

Siku ya kikao wajumbe kumi na mmoja waliketi kuizunguka meza ndefu, ile ambayo mguu wake mmoja umeegemezwa kwa ripoti ya miaka ya nyuma ya kamati ya samani. Mwenyekiti, mwenye mashine ya kusaga, alizoea kuzungumza juu ya kelele za mashine, kwa hiyo hata alipokohoa kwa adabu watu walishtuka. Mama Kuku, mfugaji, alikaa karibu na mlango. Mbele ya fundi alikuwepo Bwana Kifungu, mpima ardhi mstaafu, ambaye jina lake halisi lilisahauliwa zamani. Kitabu cha kanuni alikibana kwapani kama mgonjwa aliyesahau kipimajoto. Yeye alipinga. Ilivyokuwa kwa fundi kuunga, ndivyo ilivyokuwa kwake kupinga, na kwa miaka kumi na tisa walitazamana mezani kama milango miwili ya nyumba moja.

Wakasoma kumbukumbu. Wakapitia yatokanayo. Ajenda ya tatu, ya nne na ya tano fundi aliziunga mkono kama kawaida. Ilipofika ya sita alisimama.

"Mwenyekiti, naomba kutoa hoja."

"Fundi anaunga mko—" Mwenyekiti akanyamaza. Kalamu ya katibu ikaanguka ikabingirika mpaka kwenye ripoti ya samani. "Unaomba nini?"

"Kutoa hoja. Kivuko cha mtaro kijengwe upya, cha saruji. Upana wa mtaro ni hatua nne. Kiwe na kishikizo cha mkono upande mmoja."

"Upande upi?"

"Wa kushoto," akasema fundi, kisha, kwa kuwa hakuzoea kusema uongo wala kusimama, akaongeza, "upande wa goti bovu."

Wakacheka, naye akaketi.

"Haya," mwenyekiti akanguruma. "Nani anaunga mkono?"

Haukuinuka mkono hata mmoja. Hapakuwa na mwenye chuki. Ila mikono ya watu wale ilikuwa na miaka kumi na tisa haijaitwa kwa kazi hiyo, nayo ilikuwa imelala: mmoja juu ya miwani, mmoja kwenye kikombe, mmoja ukikuna sikio. Wote wakafanya walichozoea kufanya baada ya swali lile. Wakamgeukia fundi viatu.

Na mkono wa fundi ukapanda wenyewe.

"Kinyozi hajinyoi, fundi!" Mama Kuku akasema, na chumba kikapasuka kwa vicheko.

"Kanuni zinasemaje?" akauliza mwenyekiti.

Bwana Kifungu hakuhitaji hata kukichomoa kitabu. "Kifungu cha kumi na mbili. Mtoa hoja hawezi kujiunga mkono. Na hoja ikiulizwa mara tatu ikakosa muungaji, imeanguka, wala hairudi mezani mpaka mwaka upite."

Vicheko vikakatika. Mwaka ni mvua mbili. Fundi akapiga hesabu ya supu zote zitakazozunguka barabara kuu, kisha akafikiri atakavyoingia nyumbani. Atasema nini? Na mkewe asipomcheka, je?

"Mara ya pili," akasema mwenyekiti. "Nani anaunga mkono?"

Mama Kuku akamtazama jirani yake. Jirani akamtazama wake. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba mwingine yu karibu kuinua.

"Mara ya tatu na ya mwi—"

"Naunga mkono."

Aliyesema ni Bwana Kifungu. Feni peke yake ndiyo iliyoendelea na kazi.

"Wewe?" mwenyekiti akauliza, safari hii kwa sauti ya mtu wa kawaida.

"Nina kurasa mbili hapa za kuipinga," akasema Bwana Kifungu, akizinyoosha mezani kwa kiganja. "Nimeziandika siku mbili, tangu niione fomu yake kwa katibu. Hoja ikifa sasa, nitaipinga wapi? Makaburini? Iungwe kwanza, ije mezani, niipinge kwa mujibu wa kanuni."

Mwenyekiti akapekua kichwani mwake, asione kifungu kinachomkataza mtu kuunga ili apinge. "Imeungwa," akasema. "Soma."

Akasoma. Kwanza, mtoa hoja ana maslahi binafsi: viatu vinavyolowa mtaroni vinaishia kibandani kwake.

"Ni kweli," fundi akakiri. "Mwezi uliopita jozi kumi na nne."

"Basi unakubali una maslahi!"

"Ninayo, mtaro ukibaki vile vile. Naomba bodi inisaidie kuyapoteza."

"Iandikwe," akasema mwenyekiti.

Pili, akasema Bwana Kifungu, sauti ikipanda, kishikizo kimewekwa kizembe. "Mtu akienda kiko kushoto kwake. Akirudi je? Kitakuwa kulia! Na goti halihami! Hoja hii inamsindikiza mgonjwa kwenda, kurudi inamtupa."

Wajumbe wakanong'onezana. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, fundi mwenyewe hakulifikiria.

"Kwa hiyo unapendekeza viwe viwili?" akauliza katibu.

"Sipendekezi chochote, binti. Napinga kiwe kimoja."

Katibu akaandika: vishikizo viwili.

Tatu, hatua nne si kipimo. "Hatua za nani? Zako, zangu, au za mtoto?" Akaketi, akajifuta jasho, mtu aliyetimiza wajibu.

Mama Kuku akasimama. "Mimi sina kurasa. Trei tatu za mayai yangu ziko chini ya mtaro ule. Sikusema kwa sababu nilidhani mtu atasema. Wanaoafiki tuinue mikono tumalize."

Ikainuka mikono tisa, mingine kwa kigugumizi, kama watu wanaojaribu nguo walizozitoa sandukuni. Wa kupinga ulikuwa mmoja, wa Bwana Kifungu, uliosimama wima kwa dhamiri safi.

"Kumbe mikono tunayo!" akasema Mama Kuku.

Fundi alifika nyumbani kabla chai haijapoa. Mkewe hakumuuliza, alimsoma usoni.

"Nani kaunga?"

"Kifungu."

Mkewe akacheka mpaka akalishika goti. Alipomaliza, akamuuliza aliyepinga ni nani, na fundi alipojibu "Kifungu," ikabidi aketi chini kabisa.

"Kitajengwa kabla ya mvua," akasema fundi.

"Vizuri. Na supu ya kesho itapita kwenye kumbukumbu za kikao?"

Asubuhi fundi aliacha kibanda kimefungwa, akaichukua chupa ya supu kwenye meza kabla mkewe hajaigusa, akatangulia mlangoni.

Njia ya kwenda barabara kuu hupita kando ya mtaro. Walipofika pale kivuko kilipokuwa, wakamkuta Bwana Kifungu amekunja suruali hadi magotini, na futi ya kupimia imemzunguka shingo.

"Umefika wakati mzuri," akasema, akimrushia fundi ncha. "Shika huku, kaza."

"Si ulipinga?"

"Nilipinga, na nitapinga tena kwenye yatokanayo. Lakini pia nimeunga mkono, jina langu limeandikwa. Kikija kuwa kifupi, watu watasema nani aliunga? Kaza, bwana, futi inalegea!"

Fundi akakaza, chupa ya supu ameibana kwapani.

"Shemeji," akasema mkewe, "hiyo supu haina kanuni. Inapoa."

"Dakika moja, shemeji. Mita nne na robo. Unaona? Hatua nne, hatua nne! Za nani?"

Dirisha la ng'ambo likafunguka. Dada mkubwa alikuwa ameketi kitandani, ametoa kichwa nje, kanga imekaa upande.

"Mnanipimia kaburi?" akapaza sauti.

"Tunakupimia daraja, dada!"

"Na supu yangu iko wapi?"

Fundi viatu akaachia futi, ikamrudia Bwana Kifungu kwa mlio. Akampa mkewe mkono wa kuegemea, upande wa goti bovu, wakaanza kuondoka taratibu kuelekea barabara kuu.

"Inazunguka!" akamjibu shemeji yake. Nyuma yao Bwana Kifungu alikuwa akiuliza mtaro mzima sasa nani atamshikia ule upande mwingine.