Mzee wa Kijapani Aliyefika Rutamba

Msimu wa korosho uliopita nilikwenda Rutamba kumsaidia mama mkwe, na mkobani nilikuwa na riwaya ya Kijapani iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Niliazimwa na mwalimu mwenzangu wa Lindi mjini. Nilikwisha kusoma kadhaa za huko, na nilizipenda kwa jinsi zinavyokwenda taratibu. Mtu anaosha mchele ukurasa mzima na wewe huchoki.

Asubuhi tuliokota korosho, mchana tukakaa uani kuzitenganisha na mabibo. Siku moja baada ya adhuhuri nilipumzika na kitabu, nikacheka peke yangu.

"Kuna nini humo?" mama akauliza.

Nikamweleza. Mzee mmoja, dereva wa basi mstaafu, kafiwa na mwanawe wa pekee. Mkwewe, mjane wa yule mtoto, hajaondoka. Wanaishi nyumba moja, wala hakuna anayethubutu kumuuliza mwenzake watakaa hivyo mpaka lini. Kilichonichekesha ni kwamba mzee alijinyoa nywele mwenyewe, upande mmoja ukapitiliza, mkwe akamkalisha kitini na kummalizia bila kusema neno.

"Haya, endelea," mama akasema. "Nisomee kwa Kiswahili."

Ikawa ndiyo kazi yangu. Macho kwenye Kiingereza, mdomo unasema Kiswahili, na mikono ya mama haisimami. Mwanzoni alikereka.

"Mbona hawasemezani hawa? Si amwambie tu, baba, mimi nataka kubaki?"

Nikamjibu kuwa anamwambia, ila kwa kumwekea kile kipande kinono cha samaki. Kesho yake akawa yeye ndiye anayenionyesha: "Umeona? Leo kamgeuzia viatu vitazame mlangoni, asihangaike kuinama."

Kisha mzee akafa. Mwandishi alikuwa anaeleza mvua, akataja kwamba wiki hiyo mzee alifariki, akarudi kwenye mvua. Mkwe akaosha kikombe cha mzee, akakirudisha kabatini mahali pale pale. Nilisoma, nikapita. Mama akaacha korosho.

"Rudi nyuma. Umesema kafa?"

"Amekufa, mama."

"Inna lillahi." Akajifuta mikono kwa khanga, akainamisha kichwa.

"Mama, ni hadithi tu."

"Najua. Lakini nimekaa naye wiki nzima."

Nimesoma riwaya nyingi ambamo kifo kinaliliwa sura nzima, nikafunga kitabu nikaenda kupika. Mwandishi huyu alitumia nusu sentensi, na mtafsiri, mtu nisiyemjua, akaiacha fupi vile vile. Msiba ukafika uani kwetu ukiwa mzima.

Siku mbili baadaye majirani walikuja kutusaidia kazi. Nikiwa jikoni nikamsikia mama akiwasimulia, safari hii kwa Kimwera, na Kimwera changu mimi ni cha kuombea maji tu. Nikashika maneno machache: basi, viatu, mkwe. Wanawake wakaguna kwa huruma. Mmoja akauliza kwa Kiswahili, pengine ili nami nisikie:

"Marehemu alikuwa wa hapa hapa, au wa Rondo?"

"Wa mbali, Japani," mama akamwambia, kisha akaendelea na habari ya kile kikombe.