Karatasi Nilizobandika Chumbani kwa Mjukuu Wangu

Ukurasa huu wa ushauri nausoma kila asubuhi nikinywa chai, na sikudhani siku moja nitauandikia. Msitaje jina langu. Nina miaka sabini na mitatu, ni mjane na mwalimu mstaafu, na naishi katika nyumba ya mbao nje kidogo ya mji wa Nyeri. Nilikuwa nikiishi na mke wa mwanangu na binti yao wa miaka sita. Mwanangu anafanya kazi Murang'a, huja wikendi. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, kwa hiyo mtoto huyu ana jina langu. Labda ndiyo sababu nilijiona nina haki juu yake kuliko aliyemzaa.

Nyumba ya mbao ina nyufa, na baridi ya Julai hapa hupenya hadi mifupani. Nilifanya alivyofanya mama yangu: nilipika gundi ya unga wa ngano, nikabandika magazeti na maboksi kwenye kuta za chumba cha mtoto. Alipoanza kukohoa, kifua kikilia kama filimbi, niliongeza tabaka la pili. Kisha la tatu.

Mke wa mwanangu aliniambia, "Mama, huyu mtoto anakohoa akilala kwa hii chumba tu. Tukienda kwetu Wang'uru hakohoi. Na mimi nasikia vitu zikitembea nyuma ya hizo karatasi."

"Wang'uru ni joto," nikamjibu. "Na wewe umelea wangapi? Mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na mitano."

"Kufundisha na kulala nao si kitu moja, Mama."

Jibu hilo liliniuma. Mwanangu alipokuja nilimwambia kwamba mkewe hamfuniki mtoto, tena anamwogesha maji baridi asubuhi. Hayo ya maji yalikuwa uongo. Waligombana, mkewe akarudi kwao, mtoto akabaki kwangu, ati kwa sababu amebeba jina langu.

Wiki tatu baadaye, tukinywa uji, mtoto alishindwa kupumua. Midomo ilibadilika rangi. Jirani alitukimbiza hospitali, na daktari, akiniita bibi kwa Kikuyu, akaniuliza pale pale kwenye korido, "Cucu, kwa nyumba kuna mende?"

Kwenye benchi walikaa wanawake wawili wa kanisa langu. Nikasema, "Hata mmoja. Kwangu ni safi."

Akaandika. Hata hivyo alinieleza, nami nawaeleza kwa kuwa wengi hatujui. Mende hahitaji kukuuma. Kinyesi chake na ngozi anayoambua hukauka vikawa vumbi, na kuna watu ambao vumbi hilo huwabana njia za hewa, pumu ikaamka. Si baridi, wala si maji.

Nilirudi nyumbani nikavuta pembe moja ya karatasi. Ukuta ulitembea. Wakubwa, wadogo, na vifuko vya mayai; na ungaunga mweusi kama majani ya chai ukamwagika juu ya mto wa mtoto. Gundi yangu ilikuwa chakula chao. Nilikuwa nimewaandalia meza, nikiongeza kila walipozidi.

Nimechoma karatasi zote, lakini nyufa bado zimejaa. Mtoto ataruhusiwa Ijumaa, na leo ni Jumatano. Mwanangu ameshaamua: "Mama, nakuletea wewe. Yule hataguza mtoto wangu tena." Faili ya daktari bado inasema kwangu hakuna mende. Nikinyamaza, mtoto anarudi chumba kile. Nikisema, mwanangu atajua ni mimi niliyeivunja nyumba yake, na sijui kama atanitazama tena.

Jana wodini mtoto aliondoa kinyago cha oksijeni usoni akaniuliza, "Cucu, mama alinifanyia nini nikawa mgonjwa?"

Nilimwambia alale.

Ninyi mnaosoma, msinihurumie kwa ajili ya mvi. Nianze na nani: daktari, mwanangu, au yule msichana aliyeko Wang'uru? Na mtoto akiniuliza tena, nimjibu nini?