Majivu Katika Sombe

Naikumbuka ile asubuhi, mwanangu, maana kwa mkono mmoja nilishika sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, na kwa mwingine majivu. Ilikuwa Bunia, wakati wa vita. Tulikuwa tumekimbia kijiji chetu, Bule, tukalala mahemani karibu na kanisa la paroasi. Mume wangu, Dieudonné, alikuwa ameenda Komanda kutafuta chumvi, barabara ikafungwa nyuma yake. Wiki tatu, hakuna habari. Na mimi nina Léontine titini, miezi minne.

Kila Jumamosi mkatekista, Muzee Anselme, alitusomea sisi wamama maisha ya mtakatifu mmoja, bruda wa zamani huko Ulaya. Tulikuwa sita: Pascaline, Véronique, Mama Régine wa Nizi, Justine wawili, na mimi. Jina la bruda lilitushinda, tukamwita Bruda wa Ubao, kwa sababu alilala ameketi, kichwa amekiegemeza kwenye ubao. Alitembea peku hata kwenye baridi. Alikula mara moja kwa siku tatu, na chakula kikiwa kitamu alikitia majivu ili mdomo usifurahi.

Mimi sikupita mwaka wa pili wa shule. Nikajiambia: kama Mungu alimsikia huyu kwa njaa yake, na mimi nitafunga vile vile mpaka Dieudonné arudi. Sikumwambia mtu. Ugali wangu wa fufu nilimpa Justine mdogo. Kidogo kilichobaki nilikitia majivu.

Siku ya nane Léontine alinyonya, akaacha, akalia. Siku ya kumi hakulia tena. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikafikiri ametulia.

Ndipo asubuhi ile Mama Régine akanikuta na sahani na majivu. Alikuwa mzalishaji kule Nizi, na mdomo wake haukuogopa mtu.

"Weye mama Léontine, ile majivu ni ya nini?"

"Ni ya ahadi, mama. Nikikula, Dieudonné atakufa."

Akaniminya titi pale pale, mbele ya watu. Halikutoa hata tone. Akamshika mtoto, akavuta ngozi ya tumbo, ikabaki imekunjamana.

"Bruda alifunga chakula yake mwenyewe. Weye unafunga ya mutoto. Huyu aliahidi Mungu nini?"

"Lakini Muzee Anselme alisoma..."

"Hata mi nilikuwa pale. Alisoma tena vile bruda alikuwa anapikia wagonjwa supu na mikono yake. Siku ile masikio yako ilikuwa wapi, kwa soko?"

Kweli ilisomwa. Niliiruka mwenyewe, kwa sababu supu haikufanana na utakatifu.

Régine akapika uji wa mahindi na karanga, akakaa mbele yangu mpaka bakuli likaisha. Kila kijiko niliona kama namzika Dieudonné. Nilikula nikilia. Véronique, aliyekuwa na mtoto wake mchanga, akampa Léontine titi lake siku tatu, bila kuniuliza kitu. Siku ya nne blauzi yangu ikalowa maziwa, na Léontine akalia kwa hasira mpaka hema la jirani likasikia. Ah, mwanangu, sijasikia kelele tamu kama ile.

Dieudonné alirudi wiki iliyofuata, na chumvi yake mgongoni, amenenepa. Kumbe alikuwa kwa shangazi yake anakula kuku. Nilicheka mpaka Régine akaniambia ninyamaze, nisimwamshe mtoto.

Sasa nasikia na wewe umemwekea Mungu ahadi ya kufunga, na mtoto yuko titini. Mwanangu, sikukatazi kufunga. Ila uangalie kwanza ni tumbo la nani unalolifunga. Njaa yako ni yako, mtolee Mungu ukiwa peke yako. Wakati huu una mtoto, kula. Na mwanamke mzee akikukaripia juu ya sahani yako, usikasirike, mpe nafasi akae.

Mungu akulinde, weye na huyo uliyemfunga mgongoni. Akupe chakula cha leo, nguvu ya kukimaliza, na kelele nyingi za mtoto nyumbani mwako.