Mbote ya Kumfungua Mjane

Jumapili moja haitoki kichwani mwangu, mwanangu, hata nikiwa kwenye misa. Mji huu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, wakati wa wakoloni, na mimi kijana wa kazi ya reli, suruali imepigwa pasi na mdomo mrefu kuliko suruali.

Mama mudogo, aliyenilea, alikuwa anapika pombe ya mahindi na mbote, ile pombe ya asali. Ndiye aliyenifundisha kuzipima. Kwanza sikio kwenye chungu, maana mbote inayoiva vizuri inanong'ona. Kisha pua, kisha povu, ulimi mwisho. Nikawa najua nani ameharakisha na nani ametia sukari ya dukani. Wamama wa cité, mtaa wetu sisi weusi, wakaanza kuniita nionje kabla hawajauza. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikuwa hata mgema, nilikuwa muonjaji tu, na sifa zikanilevya kabla ya pombe.

Basi jirani yetu, Mama Ngoie, alifiwa na bwana yake. Kwa desturi yetu mjane yeyote alikuwa anavaa uzi wa kilio kichwani. Siku ya kumfungua anapika mbote, ndugu za marehemu wanaimaliza mpaka chini ya chungu, halafu wanaukata uzi. Hapo anakuwa huru kurudi kwao na watoto wake. Wasipokunywa, anabaki mali ya ukoo ule, arithiwe na mmoja wao. Na shemeji yake mkubwa, aliyetoka Mitwaba, alikuwa anamtaka awe bibi yake wa tatu. Cité nzima ilijua. Hata mimi nilijua, mwanangu, ndiyo sababu nasema naona haya.

Jumapili ile ikawa siku ya Mama Ngoie; vikombe vikazunguka, kimoja kikanifikia. Hakuna aliyeniuliza neno. Nikanusa, nikaonja taratibu, watu wananitazama, na kutazamwa kukaninogea. Nikasema kwa sauti:

"Hii mbote iko maji yenye kupita karibu na nyuki!"

Eh, watu walicheka! Na mimi nikacheka nao.

Shemeji hakucheka. Aliweka kikombe chake chini kikiwa kimejaa. "Munasikia? Mwenye kujua amesema. Bibi ya ndugu yetu anatupatia maji. Hatukunywi." Ndugu zake wakasimama wote.

Nikamkimbilia. "Baba, nilikuwa nacheka tu."

"Uko na ulimi ngapi, weye?" Akaenda zake.

Mama mudogo akanivuta nyuma ya nyumba. "Iko nyepesi, ndiyo. Kaka ya Mama Ngoie alizunguka pori yote, akapata tu ile asali kidogo. Mwenyewe angetia sukari, ungeisifu? Kwa mbote ya kilio sukari haitiwi, akakataa kudanganya. Mi nilikufundisha kupima pombe ya kuuzisha. Hii haikukuwa ya kuuzisha. Nani alikuita?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki ile kamyo, lori la kwenda Mitwaba kwa shemeji, ikapakia vyombo vya Mama Ngoie. Nilienda kubeba mizigo, maana sikujua mikono yangu niiweke wapi. Yeye, uzi bado kichwani, akawaambia watoto, akinionyesha mimi, "Salimieni baba, ametusaidia sana." Angenitukana ningepona. Watoto wakanisalimia mmoja mmoja na mimi nikainama nikafunga kamba za mizigo. Kamyo ikaondoka. Sikumwona tena, na kama uzi ule ulikatwa, sijui.

Mwanangu, jifunze kupima pombe, ni ujuzi mzuri. Lakini kabla hujafungua kinywa, jiulize chungu hiki kimepikiwa nini, na nani ataumia ukisema. Kama ni cha kuuza, mwambie mpishi ukweli, pembeni, sikioni mwake. Kama ni cha kilio, au cha ndoa, au cha kupatanisha watu, kunywa, rudisha kikombe kwa mikono miwili, sema aksanti. Neno lingine limeze. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole changu kingekuwa kimepona zamani.

Mungu akupe ulimi unaojua utamu, na meno ya kuufungia. Na siku utakapomkosea mtu, maana utamkosea, akuwekee mtu huyo karibu, umwombe musamaha kabla kamyo haijawaka.