Sindano Zisizo na Dawa

Katika kiwanda cha mbao pale Mafinga nilikuwa mnoaji wa misumeno. Kila asubuhi niliuchomoa msumeno wa duara kwenye mhimili wake, nikaubeba hadi mezani na kuunoa kwa tupa, jino baada ya jino. Alhamisi moja, miaka ya sabini, niliinama kuushika nikashindwa kuinuka. Kiuno kilikuwa kimekaza upande wa kushoto. Msimamizi alinitazama, kisha akaitazama mashine iliyosimama.

"Usipoubeba Jumatatu, fundi, namweka mwingine. Wewe utafagia vumbi la mbao."

Kazi ile nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu cha kuazima na madaftari matatu ya michoro. Sikuwa tayari kushika ufagio.

Siku hiyohiyo nilipanda lori hadi Iringa, kwa dada yangu aliyeishi mtaa wa Mlandege. Jirani yake alikuwa amezaa mapacha, na kwetu mama wa mapacha ndiye anayekanyaga migongo inayouma. Nililala kifudifudi kwenye mkeka uani. Akavua kandambili, akapanda.

"Unapumua, baba, au nimekuua?"

"Napumua."

"Basi acha kujikaza kama gogo. Magogo yaache huko kwenu Mafinga."

Kisigino chake kilishuka taratibu kando ya uti wa mgongo, na mahali fulani pakalia, ko! Nilisimama nimenyooka. Kwa furaha nikasema, "Asante sana, mama."

Dada yangu alijiziba mdomo. Yule mama akavaa kandambili zake bila kunitazama.

"Nani alikufundisha kushukuru dawa? Umeyaita maumivu yarudi."

Niliandika kwenye daftari kwamba neno haliwezi kugusa msuli. Kesho yake asubuhi kiuno kilikuwa kimekaza tena; dada yangu ndiye aliyenifunga kamba za viatu.

Jumamosi dereva wa lori la mbao alinifikisha Mbeya, kwenye kambi ya wajenzi wa reli. Daktari wao wa Kichina alikuwa akiwatibu hata watu wa jirani. Mbele yangu kwenye foleni alikuwapo mama muuza viazi wa soko la Mwanjelwa.

"Sindano zake ni kavu, kaka, hazina dawa ndani," alinionya. "Mimi siku ya kwanza nilimdai dawa yangu mpaka akacheka."

Daktari alinibonyeza kwa kidole gumba mpaka akapata fundo lenyewe. Nilihesabu sindano sita, nyembamba kama unywele. Ya nne ilipoingia, msuli uliruka wenyewe, kisha ukalegea. Baadaye alizichomoa, akaniashiria niinuke. Niliinama, nikagusa vidole vya miguu.

"Nzuri?" aliuliza, akitabasamu. Akasubiri.

Jibu nililijua, neno lilelile la Iringa. Lakini niliiona Jumatatu, nikauona ufagio. Nikabana midomo, nikachukua kofia, nikatoka. Nilipogeuka mlangoni, tabasamu lilikuwa limekwisha. Alikuwa akizikagua sindano zake moja moja, kana kwamba zimekosea.

Jumatatu niliubeba msumeno hadi mezani.

"Kumbe ulikuwa unadeka tu," alisema msimamizi.

Nilicheka na wenzangu, ila sikutulia. Nilikuwa nikinoa, nikaacha, nikaenda dirishani, nikarudi nikiwa nimesahau jino nililofikia. Mwishowe nilichonga kisanduku cha msonobari chenye mifuo myembamba ya kulazia sindano. Kisanduku, nilijiambia, si neno.

Mwezi uliofuata nilikipeleka Mbeya. Pale kambini palibaki sakafu za saruji na mabaki ya waya wa uzio. Mlinzi aliyekuwa akilinda rundo la mataruma ya reli alinyoosha mkono kuelekea magharibi.

"Wamesogea na reli yao, mzee. Ulikuwa unawadai?"

"Hapana," nilisema.

Kisanduku hicho sasa natunzia tupa ndogo. Maumivu hayajarudi. Kila ninapokifungua huinama polepole, nikikisikiliza kiuno, na neno lile sijalitamka bado, hata nikiwa peke yangu chumbani.