Kioo Kilichopashwa Joto Kiganjani

Mwalimu wetu wa usafi wa kinywa alikuwa akikipasha joto kiganjani kila kioo kidogo cha kukagulia meno kabla ya kukitia mdomoni mwa mgonjwa. Hakuwa mtu wa kupaza sauti, afadhali angepaza. Siku nilipomwambia mama mmoja aliyekuja kliniki ya mafunzo yetu, "Meno gani haya, kwani hupigi mswaki?" mwalimu alimwomba asubiri nje, akakaa yeye kwenye kiti, akapanua kinywa. Nyuma hakuwa na jino hata moja.

"Haya, nigombeze kama ulivyomgombeza."

Nikainamisha kichwa.

"Niligombezwa hivyo nikiwa msichana. Sikurudi kwa daktari wa meno miaka tisa."

Akanawa mikono, akanituma nikamwite yule mama. Hakuwepo; kwenye benchi nilikuta mswaki tuliompa alipofika, ungali kwenye pakiti yake.