Waya mbovu ilivyoifuta sauti ya marehemu baba kwenye kompyuta yangu

Wakuu, sasa?

Hii ilitokea kwangu Free Area, Nakuru, mwaka wa 2007. Mtasema nimetunga, lakini mama yangu yuko na atawaambia ni ukweli mtupu.

Baba alikuwa soloist wa kwaya ya kanisa huko Subukia. Aliaga kabla hatujawahi kumrekodi hata mara moja.

Baadaye tukaskia Mwalimu Gitau, kiongozi wa kwaya, aliwahi kuwarekodi kabla baba augue. Akatutumia CD.

Mama akaja kwangu Jumapili baada ya ibada. Akaketi mbele ya kompyuta, mikono magotini, kama mtu anangoja mgeni.

Kompyuta nilikuwa nimeiunganisha na amplifier ya mtumba na spika mbili kubwa. Nikabonyeza play.

Gita iko. Kina mama wako. Wazee wa bass wako.

Ikafika zamu ya baba.

Wakuu, baba hakuwepo!

Kwaya inamwitikia, lakini wanayemwitikia hayuko. Kulikuwa tu na mwangwi kwa mbali, kama mtu anaimba ndani ya tangi la maji.

"Wamemtoa," mama akasema.

"Mama, ngoja kwanza..."

"Wamemtoa! Gitau hakumpenda tangu wagombanie uongozi wa hiyo kwaya."

Akachukua simu. "Mwalimu, yaani hata kwa CD ulishindwa kumwacha?" Akakata.

Mimi nikaanza na software. Ile player yangu ilikuwa na mapambo mengi: surround, echo, bass boost. (Nilikuwa nimewasha zote, nikidhani ndio muziki.) Nikazima. Nikaweka player nyingine, nyepesi.

Sauti ikawa safi kabisa, gita ikaacha kuvuma. Baba bado hayuko.

Baada ya kama saa moja na nusu, mlango ukagongwa. Ni Mwalimu Gitau, ametoka Subukia moja kwa moja. Hata hakusalimia.

"Cheza nisikie."

Nikacheza. Alivyosikia, akashika kichwa.

"Mama, hata mimi simsikii! Lakini naapa, nilimweka katikati, mbele ya kila mtu."

Mama akageuka akaangalia dirisha.

Nikaona nijaribu kitu cha mwisho. Nikachomoa waya ya amplifier, nikachomeka earphones kwa kompyuta.

Nusra niangushe keyboard. Baba huyo! Karibu, mzima, hadi unasikia akivuta pumzi.

Nikazivua. Nikamwekea mama masikioni.

Mama akaitika, "Eeh?" kwa nguvu, vile alivyokuwa akimwitikia baba akiitwa kutoka shambani.

Ndipo akalia.

Baadaye akatoa earphone moja, akampa Gitau. "Nisamehe, Mwalimu." Wakaketi wamegusana vichwa, watu ambao dakika chache zilizopita hawangesalimiana.

"Hapo alikosea maneno," Gitau akasema.

"Na hukumsimamisha?"

"Ningemsimamishaje, mama, akiimba hivyo?"

Kesho yake nikapeleka ile waya kwa duka la electronics mjini. Mwenye duka akaipima, akaniambia ground, ule uzi wa ndani ambao spika ya kushoto na ya kulia hutumia pamoja, imekatika karibu na plug. Ikikatika hivyo, kile kinachofanana kushoto na kulia kinajifuta. Na anayeimba katikati ndiye anayefanana pande zote mbili.

Yaani baba alifutwa kwa sababu alikuwa amewekwa mahali pa heshima! Mpaka leo nikifikiria nashtuka.

Nikanunua waya mpya, ya kawaida tu, na siku hiyo hiyo baba akaimba kwa spika zote mbili.

Nilichojifunza: player ikiwa na mapambo mengi inachafua sauti, hiyo niliisikia kwa masikio yangu. Lakini waya inaweza kukuondolea mtu mzima. Na kabla hujamlaumu aliyerekodi, sikiliza kwanza kwa earphones.

Kuna mwingine hapa amewahi kupoteza sauti hivi? Na wale wanaosema waya ni waya tu, leteni hoja, niko.